Simu Imekua, Kiganja ni Kile Kile

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MTU apitaye mtaa wa Izia, mjini Sumbawanga, asubuhi ya mwezi wa Juni, wakati baridi ya Ufipa inapouma hasa, hatakosa kukutana na mama anayetoka sokoni. Mtoto yuko mgongoni, kikapu cha mboga na maharage kiko mkono wa kushoto, na upepo wa nyanda za juu unataka kumnyang'anya kitenge. Hapo ndipo simu inapolia.

Huitoa kwa mkono wa kulia, ambao ndio pekee uliobaki. Hunyoosha kidole gumba ili aifikie alama ya kupokelea, lakini kidole hakifiki. Basi huisogeza simu kiganjani kidogo kidogo, huku kidole cha mwisho kikiwa kimeibeba kwa chini kama kigingi. Mara nyingine hufaulu. Mara nyingine simu humponyoka, ikaanguka kifudifudi juu ya mawe, na kioo kikapasuka.

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kumcheka mama huyo. Naye aliwahi kuiangusha simu yake alipokuwa akipanda basi, begi mkono mmoja na simu mkono mwingine, na fundi akamweleza kwamba kubadili kioo kungegharimu karibu nusu ya bei aliyoinunulia. Tangu siku hiyo amekuwa akijiuliza swali moja: je, huu ni uzembe wetu, au chombo chenyewe hakikutengenezwa kwa mikono kama yetu?

Ndugu msomaji, jambo hili huonekana dogo. Lakini tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, simu si pambo tena. Ni mkoba wa fedha, ni barua, ni redio, ni taa ya usiku. Ikianguka, vyote vimeanguka. Na kidole kikikosea tarakimu moja, ada ya mtoto huweza kwenda kwa mtu asiyejulikana.

KUTOKA GUNZI HADI UBAO

Wengi wetu tulianza na simu za vitufe, zile ambazo watu wamezipa jina la viswaswadu. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa duniani zaidi ya milioni 200, ilikuwa na uzito wa gramu 86 na upana wa milimita 46 tu. Ilikaa kiganjani kama gunzi la hindi. Kitufe chake cha 5 kilikuwa na kidoti cha kupapasa, hivyo mtu aliweza kubonyeza namba gizani, au huku macho yake yakimwangalia mtoto. Akina mama waliifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na fedha za soko, wakaenda zao.

Mwaka 2007 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iPhone ya kwanza, yenye kioo cha inchi 3.5, kikipimwa kutoka pembe hadi pembe. Mwaka 2010 mkuu wa kampuni hiyo, Steve Jobs, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakuna atakayenunua simu kubwa isiyoenea mkononi. Utabiri huo haukutimia. Mwaka uliofuata Samsung ya Korea Kusini ilileta Galaxy Note ya inchi 5.3, watu waliicheka, kisha wakainunua. Mwaka 2014 Apple nayo ikafuata kwa simu ya inchi 5.5. Leo hata simu za bei nafuu zilizo madukani kwetu, nyingi zina kioo cha inchi 6.5 na zaidi, upana wa milimita 75 hivi na uzito wa karibu gramu 200. Simu imeongezeka uzito zaidi ya mara mbili. Kiganja cha binadamu hakikuongezeka hata kidogo.

Hata hivyo ni lazima tuseme kweli: kioo kikubwa hakikuja bila sababu. Mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu husoma ujumbe bila kumwita mjukuu. Mwanafunzi husoma kitabu kizima. Familia iliyoko Izia huuona uso wa kijana wake aliyeko Dar es Salaam. Isitoshe, simu pana ina nafasi ya betri kubwa, nalo si jambo dogo mahali ambapo umeme hukatika. Apple walipotoa simu ndogo ya inchi 5.4 mwaka 2020, na nyingine mwaka 2021, wanunuzi hawakuwa wengi. Katika simu mpya za mwaka 2022 ile ndogo haikuwamo.

Kwa hiyo kosa haliko katika ukubwa wenyewe. Kosa liko katika kuwapa watu wote kipimo kimoja, hata mwenye kiganja kidogo akakosa pa kuchagua.

MKONO WA NANI?

Mwaka 2013 mtaalamu mmoja wa Marekani, Steven Hoober, aliwatazama watu 1,333 wakitumia simu barabarani, vituoni na mahali pengine pa watu wengi. Miongoni mwa wale waliokuwa wakigusa vioo, asilimia 49 walizishika simu kwa mkono mmoja. Hii ndiyo tabia ya binadamu: mkono wa pili una kazi nyingine. Lakini wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Alama nyingi muhimu, kama ile ya kurudi nyuma, huwekwa juu kabisa pembeni mwa kioo, mahali ambapo kidole gumba hakipapati.

Mwaka huo huo wa 2013, Zeynep Tufekci, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyezaliwa Uturuki, alieleza jinsi alivyokuwa Istanbul wakati polisi walipofyatua mabomu ya machozi katika Bustani ya Gezi. Alitaka kupiga picha ili iwe ushahidi, lakini hakuweza kuishika simu na kuibonyeza kwa mkono mmoja. Rafiki zake wanaume waliweza. Alieleza wazi kwamba simu hizo zilipimwa kwa mkono wa mwanamume. Viganja vya wanawake kwa wastani ni vidogo kuliko vya wanaume. Basi mama wa Istanbul na mama wa Sumbawanga wana shida moja.

Hapa kwetu Ufipa iko shida nyingine juu ya hiyo. Kioo cha simu hizi hufanya kazi kwa kuhisi jinsi ngozi ya kidole inavyobadili umeme mdogo ulio kiooni. Mikono iliyoshika jembe tangu utotoni, ikainua yale matuta ya mviringo yaitwayo ntumba ambayo ndani yake hufukiwa majani yawe mbolea, ina sugu ngumu na kavu. Mara nyingi kioo hakizihisi sugu hizo. Mkulima hubonyeza mara tatu, mara nne, kisha akadhani simu imeharibika au yeye mwenyewe hana elimu. Akivaa soksi za mikono kwa ajili ya baridi, mara nyingi kioo hakimtambui. Akiwa na mikono yenye maji, hubonyeza hapa kikaitika kule.

MAUMIVU YASIYOSEMWA

Kuna jambo lingine ambalo akina mama wengi hulichukua kuwa ni uchovu wa kawaida. Ni maumivu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, yanayozidi mtu anapoinua sufuria au kukamua nguo. Waganga huyaita kwa jina la Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeyaeleza mwaka 1895, miaka mingi kabla ya simu hizi. Hutokea pale kano za kidole gumba zinaposuguana na ala inayozifunika. Huwapata zaidi wanawake, hasa wenye watoto wachanga, kwa sababu ya kumnyanyua mtoto mara kwa mara. Sasa fikiri: mkono ule ule unaomnyanyua mtoto mchana kutwa, usiku unashika gramu 200 na kunyoosha kidole gumba kwa saa mbili. Mzigo umeongezwa juu ya mzigo.

Shingo nayo haikusalimika. Mwaka 2014 daktari Kenneth Hansraj wa New York alikadiria kwamba kichwa cha mtu mzima, chenye uzito wa kilo 5 hivi kikiwa wima, huielemea shingo kwa nguvu kama ya kilo 27 kinapoinamishwa sana kukitazama kioo. Hayo ni makadirio ya hesabu, lakini yeyote aliyekwisha kuinama juu ya simu jioni nzima anajua shingo inavyomdai asubuhi.

MPINI WA JEMBE

Si kwamba wazee wa Ufipa hawakujua jambo hili. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo, malungu, yaliyopita kimo cha mtu na kuvuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kazi hiyo ilififia wakati wa ukoloni, majembe ya viwandani yalipoenea. Lakini hata jembe la kiwandani, likifika nyumbani, mpini wake huchongwa kwa kumtazama atakayelitumia. Mpini wa mtoto hauwi sawa na wa baba yake. Unene wake hujaribiwa mkononi, ukizidi hupunguzwa kwa kisu. Hakuna mtu mwenye akili anayemwambia mkewe, "Kuza mkono ulingane na mpini."

Simu haichongwi kwa kisu. Kwa hiyo yatupasa kuwa waangalifu kabla ya kununua, na werevu baada ya kununua.

Kwanza, uwapo dukani, ishike simu kwa mkono mmoja na ujaribu kukifikisha kidole gumba kwenye pembe ya mbali bila kuisogeza. Kama hakifiki, jua kwamba ndivyo itakavyokuwa kila siku. Baba anayemnunulia mkewe simu amchukue aende naye. Asipime kwa kiganja chake mwenyewe.

Pili, tazama katika mipangilio. Simu nyingi zina namna ya matumizi ya mkono mmoja, inayoshusha au kupunguza yaliyo kiooni hadi kidole kiyafikie. Herufi za kuandikia nazo huweza kusogezwa upande mmoja.

Tatu, bandika mgongoni pete ya kushikia, au tumia kava lenye kamba. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kioo kipya.

Nne, unapotuma fedha, tua mzigo, simama, tumia mikono miwili, na usome jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha.

Tano, inua simu karibu na usawa wa macho, na ukipumzishe kidole gumba. Maumivu yakizidi majuma mawili, nenda kituo cha afya.

Na yule aliyebaki na kiswaswadu chake kwa ajili ya kupiga na kutuma fedha, asionewe haya. Hajachelewa, amechagua.

Mwalimu Nyerere hakuchoka kutukumbusha kwamba maendeleo ni ya watu, wala si ya vitu. Wenye viwanda wa nchi za nje wanauza simu zao hapa kwa wingi, na fedha tunazowalipa ni fedha halali zilizotoka katika mahindi na maharage. Tunayo haki ya kuwaambia kwamba mnunuzi wao ni pia yule mama wa Izia, mwenye mtoto mgongoni, kikapu mkononi, na mkono mmoja tu uliobaki.