Mafuta ya Kitani

1. Adui wa chuma

Jembe likiachwa nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi huonekana limeanza kutu. Kutu ni adui wa kila jembe, kila panga na kila bawaba ya mlango. Haina haraka, wala haichoki. Chuma huliwa na kutu pale kinapokutana na maji na hewa pamoja. Basi, atakaye kukilinda lazima akifunike.

Watu wengine hupaka mafuta ya ngazi. Yanasaidia siku chache tu, kwa sababu hayakauki. Hushika vumbi, na mikono ya mlimaji huyaondoa upesi. Lakini yako mafuta mengine yanayokauka na kugeuka kuwa ngozi ngumu. Ndiyo mafuta ya kitani.

2. Yanatoka wapi?

Kitani hupendelea nchi za baridi. Shina lake lapata urefu wa karibu mita 1, na maua yake ni madogo, ya buluu. Nyuzi za shina hufumwa nguo, hata nguo za altare. Mbegu zake ni bapa na zang'aa. Katika kilo 100 za mbegu mna kilo 40 hivi za mafuta.

Huko Ubelgiji, katika kanisa kuu la Gent, mna picha kubwa ya Mwana-Kondoo wa Mungu. Jan van Eyck aliimaliza mwaka 1432 kwa rangi zilizochanganywa na mafuta ya namna hii. Hata leo watu huitazama na kustaajabu.

3. Yanakaukaje?

Nguo iliyofuliwa hukauka kwa sababu maji yake huenda hewani. Mafuta ya kitani hufanya kinyume. Yenyewe hunywa kitu kutoka hewani, yaani oksijeni, ile ile tunayoivuta kwa pumzi. Kwa hiyo yakikauka, uzito wao huongezeka. Oksijeni huyafunga pamoja mpaka yawe ngozi moja.

Mafuta mabichi hukawia siku nyingi, pengine majuma. Kwa hiyo kiwandani huyapasha moto na kuyatia dawa ya kuyaharakisha, yenye madini kama manganizi na kobalti. Kobalti hiyo huchimbwa kwa wingi kwetu, Kolwezi. Mafuta hayo huitwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nayo hukauka kwa siku moja au mbili. Usijaribu kuyachemsha nyumbani. Wala usiyale, kwa kuwa mna dawa ndani yake.

4. Namna ya kuyapaka

Kwanza ondoa kutu kwa burashi ya chuma au mchanga. Osha jembe, ulianike juani likauke kabisa. Kisha paka mafuta kidogo kwa kitambaa. Ngoja dakika 15 au 20, halafu futa yote yaliyozidi. Ukiyaacha mengi, juu yatafanya ngozi na chini yatabaki yananata. Acha jembe mahali penye upepo mpaka likauke, kisha rudia mara ya pili na ya tatu.

Mlango wa zamani nao wapata faida. Pitisha kidole juu ya rangi yake. Kama kidole chatoka na unga, jua na mvua vimekula mafuta ya rangi, na unga wa rangi umebaki peke yake. Osha mlango, ukauke, upake mafuta kidogo sana. Yatashika unga ule, na rangi itarudi kung'aa. Lakini rangi nyeupe itageuka manjano kidogo. Na rangi inayobanduka haiponi kwa mafuta. Kuibandua ni kazi ya fundi mzima, si ya mtoto, kwa sababu rangi nyingi za zamani zina risasi, na vumbi lake ni sumu.

5. Kitambaa kilichobaki

Mafuta yanapokunywa oksijeni, hutoa joto. Juu ya jembe joto hilo ni dogo, na upepo huliondoa. Lakini vitambaa vyenye mafuta vikikunjwa na kutupwa pembeni, joto halina njia ya kutoka. Linaongezeka saa kwa saa, mpaka vitambaa vinawaka vyenyewe. Hakuna aliyewasha kiberiti!

Mwezi wa Februari mwaka 1991, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, wafanyakazi walikuwa wakisafisha mbao za jumba la ghorofa 38. Jioni walikwenda zao, wakaacha vitambaa vyenye mafuta ya kitani katika ghorofa ya 22. Usiku moto ukawaka. Wazima moto watatu walikufa, na jumba likaharibika hata likabomolewa baadaye.

Kwa hiyo, ukimaliza kupaka, usikunje kitambaa. Kiloweshe maji, kisha kitandaze nje kimoja kimoja, mbali na nyumba, mpaka kiwe kikavu na kigumu. Au kitie katika kopo la chuma lililojaa maji, ulifunike.

Nguvu ile ile inayolinda jembe yaweza kuchoma nyumba. Fundi mwema hasemi "Nimemaliza" kwa kuwa jembe lang'aa. Husema hivyo akiisha kutandaza kitambaa chake.

Maulizo

1. Kwa nini mafuta ya ngazi hayafai kulinda jembe siku nyingi?
2. Maji hukaukaje? Na mafuta ya kitani?
3. Kwa nini lazima kufuta mafuta yaliyozidi?
4. Utafanya nini na kitambaa chako baada ya kazi? Eleza sababu.