Jina lililo kwenye karatasi: namna ya kumfikia ndugu aliye gerezani



Kuna habari ambayo watu huku Nyakabuye wanaiongea kwa sauti ya chini. Ukimuuliza jirani mtoto wake mkubwa yuko wapi, anakujibu, "Ameenda Kigali kutafuta kazi." Kumbe mtoto yuko gerezani, na nyumba yote inajua, hata wale wadogo. Mwezi huu tumeamua kuiongea wazi, maana familia kadhaa zimetuletea swali lile lile: mkimbizi anaingiaje gerezani kumwona mtu wake, na akirudishwa mlangoni afanye nini?

Mama mmoja ndiye aliyetusukuma kuandika. Jina lake hatutalitaja, wala la gereza. Alikopa faranga kwenye kikundi cha akina mama, akapika, akaamka kabla ya alfajiri, akapanda pikipiki mpaka Bugarama na kutoka hapo akatafuta gari. Alipofika mlangoni askari akapitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini. "Mtu huyo hapa hatuna." Mama akabaki pale mpaka saa sita, akarudi na sahani yake imefungwa vile vile. Wiki tatu nzima aliamini kijana amekufa na watu wanamficha.

Kijana alikuwa ndani. Lilokosekana ni jina. Wale wa kwetu Kongo wanalijua jambo hili: huku herufi l na r zinabadilishana mdomoni mwa watu, na zikibadilika mdomoni zinabadilika hata kwenye karatasi. Tuseme mtu anaitwa Mulamba, karani anaandika Muramba. Halafu yule kijana siku ya kukamatwa alitaja jina la ubatizo na jina la babu, lile la katikati akaliacha. Mama naye akatamka lile la katikati tu, maana ndilo analomwitia nyumbani. Basi, watu wawili tofauti kabisa kwenye daftari.

Kwa hiyo tuanzie hapo. Kabla ya kutoa hata faranga moja ya nauli, tafuta jina kama lilivyoandikwa siku ya kukamatwa. Liko kwenye karatasi ya mahakama, ile ya kumweka mtu ndani kwa muda au ile ya hukumu, na hapo kuna namba ya kesi pia. Nakili herufi kwa herufi, hata kama ni makosa. Usilisahihishe wewe! Kulisahihisha ni kazi nyingine, ya siku nyingine.

Yuko wapi hasa?

Wengi wanakosea hapa. Mtu akikamatwa leo, hapelekwi gerezani leo. Kwa sheria ya Rwanda ya mwaka 2019 kuhusu kesi za jinai, wapelelezi wa RIB wanaweza kumshika siku 5, kisha faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, naye ana siku 5 za kumfikisha mbele ya jaji. Jaji akiamua abaki ndani kwa muda, anaanza na siku 30, ambazo zinaweza kuongezwa. Hapo ndipo gereza linamjua. Ukienda gerezani siku ya tatu utaambiwa hayupo, na askari hatakuwa amekudanganya. Siku hizo za mwanzo nenda kituo alikoshikwa, umuulize mpelelezi mwenye faili kama unaweza kumwona na kumpelekea nguo.

Baada ya hapo linakuja suala la gereza gani. Kwa sisi wa upande huu, lile la karibu ni la Rusizi, ambalo wazee bado wanaliita gereza la Cyangugu. Usishangae ukisikia neno "igororero": ndilo jina la siku hizi, yaani mahali pa kumnyoosha mtu. Lakini mwanamke anaweza kupelekwa Nyamagabe, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, au Ngoma, ambako ni mashariki kabisa. Na kijana wa miaka 14 mpaka 18 gereza lake liko Nyagatare, karibu na Uganda. Chukua ramani uone: kutoka Nyakabuye mpaka Nyagatare unakata nchi nzima toka kona hii ya chini mpaka kona ile ya juu. Mzazi anayeambiwa "mwanao yuko Nyagatare" hawezi kwenda na kurudi siku moja. Lazima ajipange kulala njiani, na ruhusa ya kutoka kambini aiombe ya siku hizo zote, siyo ya siku moja.

Ile bahasha

Tunawashauri kila familia iwe na bahasha moja kwa ajili ya jambo hili. Ndani yake weka kitambulisho chako cha mkimbizi, au karatasi ya uandikishaji ya familia kwa yule ambaye kitambulisho hajapata. Weka karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, ikionyesha unakwenda wapi na unarudi lini. Weka nakala ya karatasi ya mahakama. Na weka kitu kinachoonyesha kwamba wewe na yeye ni wa nyumba moja.

Hili la mwisho ndilo gumu kwetu. Raia wa hapa ana cheti cha ndoa kutoka sekta. Sisi wengi tulioana kwa mahari, wazee wakakaa, mbuzi wakapelekwa, na hakuna karatasi. Wengine walikuwa nayo ikabaki Uvira au Minembwe ndani ya nyumba iliyoungua. Karatasi ya uandikishaji ya HCR hapo inakusaidia, maana imeandika watu wa nyumba moja pamoja. Kama mtu wako amefutwa kwenye orodha ya nyumba yenu, kwa sababu yoyote ile, nenda kwenye ofisi ya ulinzi ueleze kabla hujaenda gerezani. Na kama jina lake la mahakamani na la HCR hayafanani, omba hapo hapo barua fupi inayosema majina haya mawili ni mtu mmoja. Yule mama tuliyemtaja alisaidiwa na barua kama hiyo, ya mistari minne.

Siku ya kutembelea inapangwa na gereza lenyewe. Usiende kwa sababu jirani alienda siku fulani mwaka jana. Mnakumbuka Machi 2020: Korona ilipoingia, matembezi yalifungwa magereza yote, na watu waliosafiri bila kuuliza walifungiwa mlango. Tafuta mtu wa kupiga simu au mtu aliyetoka huko wiki hii. Uliza siku na saa, uliza kama lazima ujiandikishe kabla, watu wangapi wanaruhusiwa pamoja, watoto wanaingiaje, na nini kinaruhusiwa mkononi. Kama siku yao huiwezi kabisa, kwa mfano unatoka mbali au wewe ni mgonjwa, unaweza kumwandikia mkuu wa gereza kuomba siku nyingine. Andika kwa Kinyarwanda ukiweza. Kweli, Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini mlangoni saa mbili asubuhi, watu wamejaa, usikitegemee sana.

Simu utaiacha nje. Pesa usimpe mkononi kwa kujificha, uliza zinawekwa wapi kwa jina lake. Chakula usibebe kabla hujauliza. Tunajua hili linauma, maana kwetu kumtembelea mtu mikono mitupu ni aibu. Tena huku kuna historia yake. Baada ya 1994 magereza ya Rwanda yalijaa kupita kiasi, watu zaidi ya laki moja, na kwa miaka mingi wanawake wa vilima hivi walibeba vikapu kichwani kuwapelekea waume zao chakula gerezani, wakati Msalaba Mwekundu wa kimataifa nao ulisaidia kulisha magereza. Bibi wengi wa hapa wanaijua njia ile kwa miguu yao. Siku hizi mambo si yale, na kikapu kinaweza kukurudisha nyumbani kabla hujamwona mtu.

Utapekuliwa. Kubali. Anayekataa kupekuliwa anaweza kunyimwa kuingia. Lakini upekuzi nao una mipaka, kama tutakavyoona.

Mkimbizi hana ubalozi, ana nini?

Msomaji mmoja alituuliza: "Mgeni akifungwa, ubalozi wake unamfuatilia. Sisi tuliokimbia serikali yetu, nani atatufuatilia?" Swali zuri sana. Jibu lipo, na limeandikwa.

Tarehe 17 Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa, zikapewa jina la Nelson Mandela. Walijua kwa nini wamechagua jina hilo. Mandela alipofika kisiwa cha Robben mwaka 1964 aliwekwa daraja la chini kabisa: mgeni mmoja na barua moja kwa miezi sita. Mama yake alikufa 1968, mwanawe mkubwa akafa 1969 kwa ajali ya gari, na mara zote mbili alikataliwa kwenda kuzika.

Kanuni ya 58 inasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia yake kwa barua na kwa kutembelewa. Ya 43 inakataza kumnyima mtu familia yake kama adhabu. Kuzuia kunaweza kufanyika kwa muda mfupi tu, pale usalama wa gereza unapolazimisha kweli. Ya 60 inasema upekuzi wa wageni usiwadhalilishe, na watoto wasipekuliwe sehemu za ndani za mwili. Ya 68 inampa mfungwa haki ya kuwajulisha watu wake mara moja kwamba amefungwa, amehamishwa au ameugua sana. Halafu ile ya 62, hii wekeni alama: mfungwa mgeni aruhusiwe kuonana na ubalozi wake, na mkimbizi aruhusiwe kuwasiliana na chombo cha kitaifa au cha kimataifa chenye kazi ya kuwalinda watu kama yeye. Kwa sisi hiyo ni HCR.

Tusidanganyane, kanuni hizi si amri ambayo utaipiga mezani mbele ya askari. Ni kipimo ambacho mataifa yamekubaliana. Lakini Rwanda ina sheria yake ya Septemba 2022 kuhusu magereza, nayo inakubali kwamba mfungwa ana haki ya kutembelewa. Ukirudishwa mlangoni, usigombane. Uliza kwa upole sababu, uliza jina la ofisi unayoweza kuiandikia, andika tarehe na saa. Kisha peleka habari kwa watu wa ulinzi wa HCR, au kwa ofisi ya MAJ ya wilaya, inayotoa ushauri wa sheria bila malipo.

Wengine wanaogopa hata kwenda HCR. Wanasema, "Wakijua mtoto wangu amefungwa, dosye yetu ya kusafiri itakufa." Hatuwezi kumwahidi mtu yeyote habari ya dosye. Tunachojua ni kwamba kila mahojiano wanauliza watu wa nyumba yako wako wapi, na anayeficha mmoja, siku ikigundulika, ndiye anayeitwa mwongo kwa mengine yote pia.

Kwa wasioweza kwenda

Nauli ikikosekana, kuna ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ni barua isiyofungwa, inasomwa na wakubwa wa gereza, na inabeba habari za familia tu: nani amezaliwa, nani ameugua, mtoto amepita darasa. Siasa, kesi na kijeshi usiandike, itazuiwa. Waulize wajitolea wa Msalaba Mwekundu fomu. Ile barua inafaa hata kama una uwezo wa kwenda, kwa sababu mtu wa ndani anaisoma tena na tena.

Kuhusu watoto, neno moja. Ukimpeleka, mwambie mapema kwamba atamkuta baba au kaka amevaa nguo ya waridi, au ya rangi ya chungwa kama ameshahukumiwa. Mtoto mmoja wa huku alikataa kumsogelea baba yake, akasema huyo si yeye, baba havai nguo ya wasichana. Muda wao ukaisha hivyo, mama anambembeleza mtoto, baba anacheka na machozi yanamtoka.

Yule mama wa mwanzo alirudi tena mwezi uliofuata, safari hii na bahasha na bila chakula. Askari akasoma ile barua ya mistari minne, akapitisha kidole, akasimama kwenye jina lenye herufi r. Mama anasema muda ulikuwa mfupi sana na kelele nyingi, kila mtu anapiga kelele kwa mtu wake. Kijana alimuuliza mambo matatu: kama bibi bado anatembea, kama mdogo wake ameanza shule, na kwa nini mwezi uliopita hakuja mtu. Alimweleza habari ya ile l na ile r. Kijana akasema kumbe, yeye alifikiri wamemwacha.