Mchicha Wako Hauhitaji Majivu

Swali ni lile lile, linabadilisha mboga tu. "Shikamoo bibi shamba, mchicha wangu umekuwa wa njano, niweke majivu kiasi gani?" Kesho yake ni sukuma wiki, mara matembele, mara pilipili hoho ya kwenye ndoo. Hakuna anayeuliza kama aweke. Hilo limeshaamuliwa jikoni, mimi nimeachiwa kazi ya kutaja idadi ya vijiko. Nikijibu "usiweke kabisa", simu inakuwa kimya kidogo, kisha linakuja: "Lakini mama alikuwa anaweka."

Alikuwa anaweka, sibishi. Alikuwa anaweka wapi?

Kama ni Bukoba, mama alifanya sawasawa. Kule mvua ni nyingi, imeosha ardhi miaka na miaka mpaka udongo umebaki na tindikali, na mgomba nao ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Majivu ya kuni yana potasiamu na yana chokaa. Yakimwagwa kibanjani pamoja na maganda ya ndizi na takataka nyingine za jikoni, yanapoza ile tindikali na kulisha mgomba kwa pamoja. Sehemu nyingi za Njombe hali ni hiyo hiyo. Tabu ni kwamba watoto wa mama huyo walihamia Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, wakaja na desturi ya kumwaga majivu, ule udongo wakauacha nyumbani.

Pwani ni nchi nyingine. Kwenye uwanda wa Unguja, na sehemu nyingi za Mombasa, ardhi imelala juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Kutia majivu hapo ni kuongeza chokaa juu ya chokaa, halafu bustani yenyewe inamwagiliwa maji ya kisima yenye chumvi. Wenye udongo wa mchanga mtupu, kama mitaa mingi ya Dar, nao wasijione wamepona. Mchanga hauna uwezo wa kuhimili vishindo. Makopo mawili matatu ya majivu ambayo udongo wa mfinyanzi ungeyameza bila kutikisika yanaweza kuharibu kabisa tuta la mchanga. Mboga nyingi hustawi kipimo cha pH kikiwa kati ya 6 na 7. Majivu yakikutana na maji huvuka 10 bila shida. Akina mama wa Magharibi mwa Kenya wanaochuja majivu kupata munyu wa kulainishia mrenda wanajua nguvu yake. Kinacholainisha mrenda chunguni ndicho unachokimwagia mzizi mchanga wa mchicha.

Unaweza kujipimia mwenyewe kabla ya kunipigia. Chimba kina cha kiganja, chukua kijiko cha udongo, kiweke kwenye kisahani, mimina siki nyeupe, kisha tega sikio. Ukichemka na kutoa mapovu, udongo wako umejaa chokaa na mjadala wa majivu umekwisha. Usipochemka, hiyo si ruhusa ya kuweka. Ni kwamba siki haijakuambia kitu.

Sasa turudi kwenye ule unjano, maana hapo ndipo imani hii inapofanya madhara makubwa. Mti ukiungua, naitrojeni yake yote, au karibu yote, huondoka na moshi. Kinachobaki kwenye majivu ni chokaa, potasiamu, magnesi na fosforasi kidogo. Na mchicha wa mtu anayeanza bustani, kwenye mchanga usiotiwa samadi, mara nyingi unalilia naitrojeni, kitu ambacho majivu hayana. Kwa hiyo unaupa mmea wenye njaa chakula ambacho hakimo.

Usiishie kusema "majani ni ya njano". Inama uangalie ni majani yapi. Yakianza kuwa ya njano yale ya chini, yaliyozeeka, na jani zima likapauka kwa usawa, hiyo ni njaa ya naitrojeni: mmea unainyang'anya kwenye jani kuukuu na kuipandisha kwenye jani jipya. Kama yale machanga ya juu ndiyo ya njano lakini mishipa yake imebaki ya kijani, kama ramani iliyochorwa, hapo mmea umekosa madini ya chuma, na chuma hakihami kutoka jani kuukuu kwenda jipya. Mara nyingi chuma chenyewe kimo udongoni. Chokaa imekizidi, mzizi haukipati. Hivyo mtu anaanza na unjano wa chini, anatia majivu, baada ya muda ananipigia tena kuniambia unjano umepanda juu, aongeze? Tayari ana magonjwa mawili, na la pili amelinunua mwenyewe kwa majivu ya bure.

Kuna unjano wa tatu, wa watu wenye huruma: majani yamelegea, udongo umelowa, na ndoo haina tundu chini. Mizizi inaoza. Hapo acha kumwagilia, toboa ndoo.

"Basi nitayatumia kuua wadudu." Najua mnakotoa hoja hii. Maharage yaliyokauka vizuri yakichanganywa na majivu makavu hukaa ghalani bila fukusi, kwa sababu vumbi lile hujaza nafasi kati ya punje na kukwangua ngozi ya mdudu mpaka akauke. Ni maarifa mazuri ya wazee. Ila ghala ni pakavu, na bustani unaimwagilia asubuhi na jioni. Majivu juu ya jani la sukuma wiki yanafanya kazi mpaka umande wa kwanza, kisha yanageuka uji wa magadi unaounguza jani. Juu ya hilo, vidukari hawakai unapomwaga. Geuza jani uone: wamejipanga chini yake, kwenye mshipa mkubwa, wanafyonza, na wewe umelipaka unga upande wa jua.

Wengine huchanganya majivu na samadi mbichi ya kuku, au na urea, ili "iwe na nguvu". Ile harufu inayochoma pua dakika hiyo hiyo ndiyo mbolea uliyoinunua, inageuka gesi na kuondoka zake. Na majivu ya jiko la mkaa lililowashwa kwa mfuko wa nailoni, au ya mbao zenye rangi, au za nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, hayo yasikaribie kabisa kitu unachokula. Mbao za aina hiyo zinaweza kuwa na aseniki, na aseniki haiungui ikaisha. Inabaki kwenye majivu.

Sasa yale ambayo mngeniuliza tangu mwanzo, na nitayasema haraka kwa sababu hayana ugumu.

Tafuta mahali panapopata jua saa sita kwa siku. Chini ya mwembe hapafai. Anza na tuta moja la mita 1 kwa 3, usianze na ua mzima. Tia samadi iliyoiva, ndoo ya lita 20 kwa kila mita ya mraba kama ni mchanga, uichanganye na udongo wa juu. Iliyoiva ni ile isiyonuka wala kupata joto ukiirundika. Ya kuku iache rundoni miezi miwili mitatu. Mpangaji asiye na ua atumie gunia au ndoo zenye matundu, nusu udongo, nusu samadi au mboji. Panda mchicha kwanza, ndani ya mwezi utakuwa umechuma. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina na hayana makuu. Bamia inavumilia joto la pwani. Sukuma wiki ipe nusu mita kati ya mche na mche, hata kama unaona nafasi inapotea. Nyanya iache msimu wa pili. Funika udongo kwa nyasi kavu, mwagilia asubuhi kwenye shina, si juu ya majani. Vidukari wapige kwa maji ya nguvu upande wa chini wa jani, wakirudi tumia maji yenye sabuni ya mche kidogo sana, au majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Viwavi waokote kwa mkono. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yasiende bustanini, mengi yana magadi kama majivu.

Na ukiona tuta halieleweki, peleka udongo ukapimwe: TARI Mlingano kule Muheza, chuo cha SUA Morogoro, au KALRO Kabete kwa walio Kenya. Chota sehemu tano sita tofauti za tuta, changanya, kausha kivulini. Chota kabla hujaweka chochote, na wakikuuliza kama umewahi kutia majivu, sema ukweli.