Siliaki: Maradhi ambayo dawa yake ni kuacha ngano maishani

CHAPATI na mandazi ni vyakula vinavyopendwa mno humu nchini. Hata hivyo, kwa mtu anayeugua maradhi ya siliaki, kipande kidogo tu chatosha kuudhuru utumbo wake.

Chanzo cha madhara hayo ni gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai, ambayo ndiyo huufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa. Kwa baadhi ya watu waliorithi chembechembe fulani za uzazi, kinga ya mwili huiona protini hiyo kama adui, na katika kupambana nayo huushambulia utumbo mwembamba. Vijidole vidogo mno vinavyofyonza lishe humo hulala na kutoweka. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa hukonda ilhali anakula.

Baadhi huendesha na kuvimbiwa tumbo. Wengine hawana tatizo lolote la tumbo, bali hupungukiwa na damu, mifupa ikawa dhaifu au wakakawia kupata mtoto. Watoto hudumaa. Ndiyo maana mtu aweza kumeza vidonge vya madini ya chuma miaka mingi bila nafuu, kwa kuwa utumbo hauyafyonzi.

Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 100 duniani ana siliaki. Dhana kwamba haya ni maradhi ya Wazungu pekee haina msingi: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliyapata kwa zaidi ya watoto watano katika kila 100 wa jamii ya Wasahrawi, kaskazini magharibi mwa Afrika.

Aliyegundua kwamba ngano ndiyo mkosaji ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto nchini Uholanzi. Alikuwa ameishuku tangu miaka ya 1930, na uhaba wa mkate wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945 ukamzidishia yakini. Aliwasilisha tasnifu yake mwaka 1950.

Hadi leo hakuna dawa ya kuponya siliaki. Mgonjwa hulazimika kuepuka gluteni maisha yake yote, na utumbo hupata nafuu baada ya miezi kadhaa, hata miaka. Kwa bahati njema, ugali wa mahindi, wimbi, mtama, wali, muhogo, nduma, viazi vitamu na maharagwe havina gluteni kwa asili yake. Mkulima wa kijijini ana nafuu kuliko mkazi wa jijini aliyezoea mkate kila asubuhi.

Hatari hujificha kwingineko: kinu kilichosaga ngano kabla ya mahindi yako, mafuta yaliyokaangia mandazi kabla ya viazi, soseji zilizotiwa unga, au bia ya shayiri.

Anayeshuku kwamba ana siliaki asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani vipimo vya damu vyaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa. Kwa watu wazima, aghalabu daktari huthibitisha kwa kupitisha kamera ndogo kinywani hadi utumboni na kuchukua vipande vya kuchunguzwa. Wazazi, watoto na ndugu wa mgonjwa wapimwe pia, hata wasipokuwa na dalili. Takriban mmoja kati ya kumi miongoni mwao huwa nayo.