Silika ya Paka na Afya ya Mama Mjamzito
Paka hufukia kinyesi chake kwa silika, wala hakufunzwa na mtu. Hutafuta udongo laini, na mara nyingi udongo huo ni wa bustani ya mboga. Silika yake nyingine ni kuwinda: hata aliyeshiba humkamata panya, na akimla huweza kupata vimelea vya toksoplazma. Mama akiambukizwa vimelea hivyo kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito, mtoto aliye tumboni huweza kudhurika.

Hata hivyo, si lazima paka afukuzwe. Aliyeambukizwa kwa kawaida hutoa mayai ya vimelea kwa wiki chache tu, na mayai hayo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili ndipo yaweze kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na mtu asiye mjamzito. Mama avae glavu anapolima, anawe mikono kwa sabuni, aoshe mboga vizuri na ale nyama iliyoiva barabara, kwani nyama mbichi nayo huweza kuwa na vimelea. Mhudumu wa kliniki amweleze haya bila kumtia hofu.