Vikwembe vya Mama Mumeno

Wengi wetu tunajua jina Panasonic: tumeliona kwenye redio ao televisheni. Husemwa kwamba kampuni hiyo ilianzishwa na bwana mmoja wa Japani, Konosuke Matsushita. Ni kweli, lakini hakuwa peke yake.

Konosuke alizaliwa mwaka wa 1894. Baba yake alipoteza mali, na mtoto akaacha shule akiwa na miaka 9, akaenda kutumika dukani katika mji wa Osaka. Baadaye aliingia kampuni ya umeme, na mwaka wa 1915 akamwoa Mumeno Iue.

Mwaka wa 1917 Konosuke aliacha mshahara ili atengeneze soketi za ampuli alizobuni mwenyewe. Walifanyia kazi ndani ya nyumba yao ndogo. Soketi hazikupata wanunuzi wengi. Rafiki wawili waliomsaidia wakaondoka. Akabaki na mke wake na shemeji yake, Toshio.

Ndipo Mumeno alipochukua kimono zake, kama vile sisi vikwembe vyetu vya sikukuu, akaziweka rehani ili wapate kula. Mwisho wa mwaka ikaja komandi ya vipande 1000 vya feni. Wakaokoka. Tarehe 7 Machi 1918 walifungua kiwanda: Konosuke miaka 23, Mumeno 22, Toshio 15.

Mwaka wa 1923 walitoa taa ya kinga iliyowaka zaidi ya saa 30, wakati zingine zilizimika baada ya saa 2 ao 3. Wenye maduka hawakuamini. Konosuke akawaachia taa zikiwaka: waone kwanza, walipe baadaye. Zikauzwa sana. Nyumbani, Mumeno aliwapikia na kuwafulia vijana waliojifunza kazi na kulala kwao. Toshio naye alianzisha kampuni ya Sanyo mwaka wa 1947.

Mama, pengine nawe uliuza kikwembe ili mume aanze biashara, ao ulitoa zamu yako ya likelemba. Usikatae kusaidia; nyumba ni ya wawili. Lakini chukua daftari, andika tarehe na kiasi ulichotoa, na bwana aone. Si kwa ugomvi. Ni kwa sababu watoto wetu, wakiuliza kesho ni nani aliyeanzisha duka hili, wapate jibu kamili.