Mchango wa Msimu na Mazingira katika Jamii za Wanyama Wadogo wa Mtoni: Mfano wa Vijito vya Mafinga, Mufindi

Wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo wanaoishi kwenye sakafu ya mito, wakiwemo viluwiluwi vya kereng'ende na usubi, konokono, ruba, minyoo na kaa, hutumika kupima afya ya mto. Sampuli ya maji hueleza hali ya wakati ilipochotwa, ilhali mnyama aliyeishi mahali pamoja kwa wiki au miezi hubeba athari za yote yaliyompitia. Hata hivyo, kipimo hiki hupotosha pale msimu usipozingatiwa. Makala haya yanaeleza jinsi sababu za kimazingira zinavyobadilisha jamii za wanyama hao katika vijito vya Mafinga, na umuhimu wa kutenganisha mabadiliko ya asili na yale yanayosababishwa na binadamu.

Mafinga ipo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hupata msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Nyanda za Mufindi ndiko unakoanzia mto Ruaha Ndogo, ambao ni chanzo cha maji ya mji wa Iringa na hatimaye huungana na Ruaha Mkuu. Kwa hiyo, tathmini yenye kasoro huku juu huwagusa watumiaji wengi wa maji walioko chini.

Wakati wa mvua, sababu kuu ni nguvu ya mkondo. Mafuriko huviringisha mawe na kuwasomba wanyama, huku udongo kutoka mashambani na barabara za vumbi ukiziba nafasi zilizo kati ya mawe wanamojificha. Maji yaliyochafuka huzuia mwanga na kupunguza mwani unaoliwa na wakwanguaji. Idadi ndogo ya wanyama wakati huu si lazima iwe dalili ya uchafuzi. Huenda ni matokeo ya mafuriko pekee.

Mvua zikikoma, sakafu ya mto hutulia. Katika kipupwe, Juni hadi Agosti, maji ni baridi, na maji baridi huhifadhi oksijeni nyingi zaidi kuliko ya moto. Hali hiyo huwafaa wadudu wa oda za Efemeroptera, Plekoptera na Trikoptera, ambao wengi wao hawavumilii upungufu wa hewa hiyo.

Kuanzia Septemba, hali hubadilika tena. Joto hupanda na kina hushuka, na virutubisho hukolea katika maji machache. Kwa kuwa kanieneo ya hewa katika mwinuko huo ni takribani asilimia 80 ya ile ya usawa wa bahari, oksijeni inayoweza kuyeyuka majini ni pungufu tangu mwanzo. Ni katika kiangazi pia ambapo wakulima hutegemea vinyungu, yaani bustani za mabondeni. Hivyo basi, msongo wa asili na wa kibinadamu hukutana, na viluwiluwi vyekundu vya familia ya Kironomidi, vyenye himoglobini, huweza kustahimili pale wengine wanaposhindwa.

Uoto wa kando huongeza tofauti nyingine. Sehemu kubwa ya Mufindi ina mashamba ya chai na ya miti, likiwemo Shamba la Miti Sao Hill lenye misindano na mikaratusi. Majani ya mikaratusi yana mafuta na polifenoli, na sindano za misindano huoza polepole. Yote mawili ni chakula duni kwa wanyama wakata-majani. Katika vijito vya nyanda za juu za Kenya, kaa wa mtoni huenda wakawa na nafasi kubwa katika kazi hiyo. Kwa hiyo, utafiti unaowaacha kaa nje ya hesabu unaweza kuona upungufu usiokuwepo.

Mfumo wa TARISS, uliochapishwa na Kaaya na wenzake mwaka 2015, hutoa alama kwa kila kundi la wanyama kulingana na uvumilivu wake. Jumla ya alama huathiriwa sana na idadi ya makundi yaliyopatikana, hivyo yafaa isomwe pamoja na wastani wa alama kwa kundi.

Suala hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 huzuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, eneo ambamo vinyungu vingi hulimwa. Sampuli ya Oktoba ikilinganishwa na ya Juni, mkulima anaweza kulaumiwa kwa kazi ya joto na ukame. Sampuli ya Juni ikitumika peke yake, madhara halisi ya kilimo yanaweza kufichika. Ulinganisho wa haki ni ule wa kijito kilichotumiwa na kijito cha rejea chenye mwinuko na sakafu inayofanana, katika msimu uleule. Tofauti itakayobaki baada ya hapo ndiyo inayoweza kuhusishwa na matumizi ya ardhi.